Msuluhishi haamui: maana ya uamuzi unaofunga katika migogoro ya kazi

Msimu wa korosho unapokwisha, na madai ya malipo yakaanza kufikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Mtwara, husikika mara kwa mara kwamba "msuluhishi ameamua tulipwe". Kauli hiyo inaunganisha kazi mbili, ya kusuluhisha na ya kuamua, ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imezitenganisha kwa makusudi.

Uamuzi unaofunga ni utaratibu ambao mwajiri na wafanyakazi walioshindwa kuelewana hupeleka mgogoro wao kwa mwamuzi, yaani mtu au jopo lisiloegemea upande wowote, na tuzo inayotolewa, yaani uamuzi wake, huwa lazima kwa wote.

Msuluhishi hana mamlaka hayo. Anaweza kuwakutanisha, akazungumza na kila upande faraghani, akapendekeza hata kiwango, lakini hawezi kumlazimisha yeyote. Mbanguaji wa korosho anayetoka katika kikao hicho na hati yenye saini yake na ya meneja wake hakuamuliwa na mtu; amekubali mwenyewe, na hati inamfunga kwa sababu ya saini yake. Nalisisitiza hili kwa sababu anayekubali nusu ya madai yake akidhani amekwisha kuhukumiwa huwa ameachia haki ambayo angeweza kuitetea mbele ya mwamuzi, maana usuluhishi usipozaa matunda ndani ya siku 30, na pande zote zisipokubaliana kuongeza muda, mlalamikaji wa aina hiyo anaweza kuyapeleka madai yake kwa mwamuzi.

Ipo tofauti nyingine inayosahaulika zaidi, nayo inaonekana vizuri kwa wazima moto. Mara nyingi mwamuzi huangalia yaliyopita: je, mkataba ulivunjwa, je, mtu aliachishwa kazi isivyo haki? Katika mgogoro wa maslahi anaulizwa yajayo, yaani mshahara uwe kiasi gani na zamu ziwe ndefu kiasi gani. Kwa kawaida wafanyakazi wenye mgogoro wa namna hiyo wana silaha ya mgomo, lakini mji hauwezi kuachwa uungue ili mazungumzo yaende mbele. Ndiyo maana sheria yetu imeiweka kazi ya kuzima moto, pamoja na maji, umeme na afya, miongoni mwa huduma muhimu, na mgogoro wa maslahi katika huduma hizo, usuluhishi ukishindikana, hupelekwa kwa mwamuzi. Uamuzi huo ni fidia ya mgomo uliozuiwa.

Kwetu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa hiyo Manispaa ya Mtwara-Mikindani haiketi na chama chao kupanga mishahara. Marekani miji mingi huketi. Jimbo la Michigan lilitunga sheria yake ya uamuzi unaofunga mwaka 1969: kila upande huteua mjumbe mmoja, mwenyekiti hatoki upande wowote, na katika masuala ya fedha jopo huchagua pendekezo la mwisho la upande mmoja badala ya kukata katikati, hivyo anayetaka makuu hujiweka hatarini. Jopo hupima pia uwezo wa mji kulipa. Hofu ya gharama ni ya kweli: mji wa Vallejo, California, uliomba kinga ya kufilisika mwaka 2008, na mwaka 2010 wapiga kura wake waliuondoa uamuzi unaofunga katika katiba ya mji.

Kufunga nako kuna mipaka yake. Hapa Tanzania asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iitengue, akionyesha kasoro ambazo sheria inazitambua. Kutopendezwa na kiwango pekee hakutoshi.

Basi ndugu yetu anayesema msuluhishi ameamua aisome tena karatasi aliyopewa. Ikiwa na saini yake, aseme tumekubaliana. Ikiwa ni tuzo, amtaje mwamuzi, na aanze kuhesabu wiki zake tangu siku aliyokabidhiwa.