Je, wajua kwa nini daktari wa kupunguza unene huanzia kwenye taifodi na ngiri?

Watu wengi wakisikia kuna upasuaji wa kupunguza uzito, hudhani ni jambo la urembo, kwamba daktari anakwenda kufyonza mafuta. Sivyo hata kidogo. Mafuta hayaguswi. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula, na mara nyingine utumbo nao huunganishwa upya. Ndiyo maana anayeifanya kazi hii lazima kwanza awe daktari bingwa wa upasuaji wa jumla, mtu aliyekwisha kulizoea tumbo la binadamu likiwa katika hali yake mbaya kabisa.

Hapa Uganda njia yenyewe ni ndefu. Makerere, shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5, unafuata mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini, kisha miaka 3 ya uzamili wa upasuaji. Wengine hupitia chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake yako Arusha: miaka 2 ya msingi, halafu 3 ya ubingwa. Utaalamu wa unene huja baada ya hapo, kwa kusimama mezani kando ya aliyetangulia, na mara nyingi humlazimu mtu kwenda nje ya nchi.

Sasa, miaka yote hiyo anajifunza nini? Zamu za usiku humletea matumbo yaliyoharibika. Kijana aliyegongwa na bodaboda, bandama imepasuka. Mzee ambaye ngiri yake imebana, utumbo umeanza kuoza. Mwingine utumbo mpana umejisokota, amevimba na hawezi hata kutoa upepo. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana katika wodi zetu. Na kuna taifodi. Vijidudu vyake hujificha kwenye tezi za kinga mwishoni mwa utumbo mwembamba, na ugonjwa ukikaa wiki mbili tatu bila tiba, ukuta wa utumbo hutoboka. Mlipuko wa Kasese wa mwaka 2008 na 2009 uliwapeleka watu wengi kwenye chumba cha upasuaji kwa sababu hiyo hiyo. Daktari aliyepita huko anajua jinsi uchafu wa utumbo unavyoua ukimwagika ndani ya tumbo, na jinsi saa chache zinavyoamua nani atapona.

Tuje sasa kwenye upasuaji wenyewe. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili kupata nafasi, kamera na vifaa virefu vinaingizwa kupitia matundu madogo. Katika aina inayofanywa zaidi, daktari hupitisha stepla maalumu kando ya mfuko wa chakula. Kila ikibanwa, inakata na kushona kwa pamoja. Zaidi ya robo tatu ya mfuko huondolewa, na kinachobaki kina umbo la ndizi. Mshono ni mrefu, wa pini ndogo ndogo, na ukivuja hata mahali pamoja, asidi na mate vinamwagika ndani.

Hapa ndipo ile miaka ya taifodi inapolipa. Mtu mwembamba tumbo likichafuka, hukakamaa. Ukiligusa tu unajua. Mtu mnene tumbo linaweza kubaki laini, na homa ikachelewa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo. Mgonjwa ameketi kitandani, anaongea vizuri, anasema, "Musawo (yaani daktari), mimi ni mzima, ila nahisi moyo unakimbia." Muuguzi anapima: 120 kwa dakika, na hayashuki. Daktari mzoefu haendi nyumbani usiku huo. Atamrudisha mezani upesi hata kama picha za skani hazijaonyesha kitu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hii, kwa sababu inamlazimu mtu ashuku mkono wake mwenyewe.

Na kwa nini upasuaji huu hufanya kazi? Wengi husema ni kwa sababu mfuko umekuwa mdogo, mtu anashiba upesi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Sehemu ya juu ya mfuko inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Katika aina nyingine, ile ya kuchepusha njia, kunabaki kijifuko cha mililita 30 hivi, na chakula hufika mapema sehemu za chini za utumbo. Huko hutolewa homoni ya GLP-1, ambayo huihimiza kongosho itoe insulini. Kwa hiyo sukari ya mwenye kisukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla uzito haujapungua kwa maana yoyote. Mwaka 1995 daktari Mmarekani Walter Pories na wenzake waliandika jambo hili wakionyesha mshangao wao waziwazi. Ndiyo maana dozi ya insulini huangaliwa upya mara baada ya upasuaji; ikiachwa ilivyo, sukari inaweza kuporomoka.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea, yaani karibu kilo 90 kwa mtu wa mita 1.6, na kuanzia 30 ikiwa ana kisukari cha aina ya pili. Baada ya upasuaji mgonjwa hutumia vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, maisha yote. Mwanamke hushauriwa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba.

Kama ndugu yako anafikiria kufanyiwa, mwambie asiulize bei peke yake. Amuulize daktari amewahi kutibu mishono mingapi iliyovuja, na akisharuhusiwa kurudi nyumbani Masaka au Arua, moyo ukienda mbio saa nane za usiku, ampigie nani.