Njia tulivu za baiskeli Ufaransa: ninavyozisaka kwenye ramani

Wanaoniomba niwachoree njia ya baiskeli Ufaransa huwa na sharti moja: magari yasiwepo. Kabla sijajibu, wananitajia La Loire à Vélo, ile njia ya kilomita 900 hivi inayofuata mto Loire mpaka bahari ya Atlantiki, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye vipeperushi. Siipingi. Ukiwa na watoto, au hujawahi kusafiri na mizigo kwenye baiskeli, anza na hiyo. Ila mwezi wa Agosti, kati ya Blois na Tours penye yale makasri, utakachokosa ni magari tu, watu hutawakosa. Mimi utulivu nautafuta kwenye barabara za kawaida za lami zisizo na bango wala jina, na Ufaransa inazo nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza maishani mwake.

Zimetoka wapi? Mwaka 1836 ilipitishwa sheria iliyozitaka komuni, yaani serikali za vijiji na miji, zitunze njia zinazounganisha kijiji na kijiji. Wakazi waliweza kudaiwa hadi siku 3 za kazi kila mwaka kwa ajili hiyo. Komuni hizo hata leo zinakaribia 35,000, kila moja na ofisi ya meya wake, kanisa lake, na njia za kwenda kwa majirani zake wote. Baadaye watu wakahamia mijini, lakini njia hazikuhama, na komuni zikaendelea kuzitia lami. Creuse, katikati ya nchi, ilikuwa na watu wapatao 287,000 mwaka 1851. Leo hawafiki 120,000. Wengi walikuwa waashi waliokwenda kuijenga Paris, mwanzoni kwa msimu na kurudi, kisha wakaenda moja kwa moja. Ukipanda baiskeli Creuse unapita kwenye barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya watu ambao hawapo tena.

Sasa tuifungue ramani. Barabara za Ufaransa zina herufi. A ni za mwendo kasi na baiskeli haziruhusiwi. N ni za taifa. Nyingi zinaruhusiwa, lakini sioni sababu ya mtu kujitesa. C ni za komuni, na karibu zote zinafaa. Mtihani uko kwenye D, barabara za departimenti, ngazi ya utawala ambayo hapa nitaiita mkoa. Mgeni huambiwa “fuata D tu, utakuwa salama,” na ushauri huo ulikuwa na maana zaidi zamani. Mnamo 2006 serikali kuu iliikabidhi mikoa kilomita zipatazo 18,000 za barabara za taifa, na kila mkoa ukazipa namba upya. N6 ya zamani, njia kuu ya kutoka Paris kwenda kusini-mashariki, sasa ni D606 ikiwa Yonne, D906 ikiwa Saône-et-Loire, na D1006 ikifika Savoie. Herufi imebadilika, malori ni yale yale. Kwa hiyo nikiona D yenye namba inayoanza na 6, 9 au 10, nauliza kwanza ilikuwa nani kabla ya kubatizwa.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi, na mfano mzuri ni D942 ya Vaucluse, mkoa wa kusini-mashariki. Kati ya Avignon na Carpentras ni barabara ya kasi ambayo simshauri mwendesha baiskeli hata aikaribie. Endelea nayo mashariki hadi uvuke kijiji cha Villes-sur-Auzon, na namba ile ile inageuka kuwa ukanda mwembamba uliochongwa ubavuni mwa korongo la Nesque. Unapanda polepole kilomita 20 hivi, mwinuko mpole ambao hata asiye mzoefu anauweza, unapenya vichuguu vifupi vya mwamba, mpaka unatokea mahali pa kutazamia, ng’ambo yake ukuta wa mawe unaoitwa Rocher du Cire. Mbele yake ni Sault, mji wa mashamba ya lavenda. Kwa nini hakuna magari? Kwa sababu mtu wa gari anayetaka kufika Sault anachukua D1, inayokatisha mlimani kupitia Col des Abeilles na kumfikisha mapema. Korongo limeachiwa watalii na sisi. Kipindi cha lavenda, Julai, watalii wanakuwa wengi, na wikiendi pikipiki hazikosekani. Siku ya kazi asubuhi, hasa Mei au Septemba, hali ni nyingine kabisa.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata kuliko nyingine zote: barabara tulivu huwa na mpinzani wake karibu, mwenye kasi zaidi na asiye na gharama. Hapo kwenye gharama ndipo wengi wanapojikwaa. Sehemu kubwa ya barabara za mwendo kasi za Ufaransa ni za kulipia, na madereva wanaokwepa malipo huhamia barabara ya zamani inayoenda sambamba nazo. Kwa hiyo kuiona A kwenye ramani kusikutulize haraka. Uliza kama ni ya bure. A20, kutoka Vierzon kushuka hadi karibu na Brive, ni ya bure, nayo inameza malori ya Limousin, eneo la katikati-magharibi ya nchi, takriban yote. Ndiyo sababu moja ya mimi kupeleka watu huko mara kwa mara.

Ramani ninayoitumia kwa kupanga bado ni ya karatasi: Michelin ya mizani 1:150,000. Nyekundu ni barabara kuu, njano ni za kati, nyeupe ni zilizobaki. Nazifuata nyeupe. Vimshale vidogo juu ya barabara vinaonyesha mwinuko: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13, yaani pengine utashuka usukume. Kuna pia ukingo wa kijani kuonyesha mandhari nzuri. Mimi ukingo huo nausoma kinyume: njano yenye kijani, mwezi wa Agosti, maana yake ni msururu wa magari ya kulalia. Simu naiacha kwa kazi ya njiani, kwa kuwa programu nyingi hupenda kufuata njia waliyopita wengi, na wengi mara nyingi wako pamoja mahali pamoja.

Saa nazo ni sehemu ya njia. Vijijini Ufaransa, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, watu wako mezani. Hata barabara ya njano inakuwa ya kwako. Mimi hula mapema au kwa kuchelewa ili niitumie nafasi hiyo, isipokuwa kukiwa na joto kali la kusini. Ubaya wake ni kwamba maduka nayo yamefungwa saa hizo hizo, Jumapili mchana hayafunguliwi, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hupumzika. Nunua mkate asubuhi, usisubiri kijiji kinachofuata. Huenda kina kanisa na mnara wa waliokufa vitani tu.

Nikiulizwa eneo moja tu, nataja uwanda wa juu wa Millevaches, huko huko Limousin. Teremka kituo cha Eymoutiers kwenye reli ya Limoges kwenda Ussel. Usiifuate D940 kwenda Peyrat-le-Château, ina magari kiasi. Elekea mashariki kupitia Nedde, ukipanda na bonde la mto Vienne, halafu Faux-la-Montagne na Gentioux. Unatoka mita 400 na kitu hivi juu ya usawa wa bahari, unafika mahali ambapo vilima vingi viko kati ya 600 na 950. Hakuna mlima wa kutisha, lakini hakuna tambarare pia. Miguu inafanya kazi siku nzima, panda shuka, kati ya misitu, mawe ya granaiti na ng’ombe wekundu wa Limousin. Mwenye muda azunguke ziwa Vassivière, lililotokana na bwawa la umeme.

Gentioux simama. Mnara wake wa vita, wa mwaka 1922, una sanamu ya mtoto yatima aliyevaa joho la shule, kofia mkononi, amekunja ngumi kuelekea maandishi yanayosema “Maudite soit la guerre”: ilaaniwe vita. Minara mingi ya Ufaransa inasifu ushujaa, huu umekataa. Kutoka hapo shukia Felletin na Aubusson, miji ya mazulia ya ukutani yaliyofumwa kwa mkono, ufundi ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009.

Tahadhari za huko ni za kwake. Siku za kazi kuna malori ya magogo, machache, ila yanajaza barabara. Ukiyasikia nyuma, tafuta ukingo mpana usimame. Lami ni ya kokoto zilizomwagwa juu ya lami moto, inatikisa mikono, kwa hiyo matairi ya milimita 28 ndiyo ya chini kwangu, 32 ni bora. Wakati wa kiangazi ukiona kibao “gravillons,” kokoto bado hazijashika, na kona za mteremko zitakuangusha. Kuanzia Septemba ni msimu wa uwindaji; Jumapili ukikuta kibao “chasse en cours,” vaa kitu cha rangi kali na uongee kwa sauti.

Sheria kwa ufupi. Anayekupita lazima akuachie mita 1.5 nje ya mji na mita 1 ndani ya mji, na vijijini madereva wengi wanaheshimu. Usiku, au ukungu ukitanda, nje ya mji fulana ya kuakisi mwanga ni lazima. Spika za masikioni zimekatazwa tangu 2015. Jambo linalowashtua wageni zaidi ni kipaumbele cha kulia: kijijini, pasipo na alama yoyote, gari linalotokea kichochoro cha kulia lina haki ya kupita mbele yako, na dereva wake mzee wa miaka themanini hatatazama.

Maji? Nenda makaburini. Karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba la kumwagilia maua, na maji yake kwa kawaida yanafaa kunywa, soma kwanza kama kuna kibao cha “non potable,” yaani si ya kunywa.

Kurudi, kutoka Felletin geuka kusini uvuke uwanda hadi Meymac, kituo kilicho kwenye reli ile ile uliyojia. Treni za mkoa, TER, zinabeba baiskeli, lakini kwenye reli hiyo kwa siku ni chache, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujaagiza kahawa ya pili Felletin.