“Neno kijiji halimo, hautuhusu”

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli hiyo kuhusu muswada, safari hii kwa mtendaji wa kijiji mwenye bidii zake. Nilimtumia muswada nikamwomba aupitie na wenzake. Saa nzima haijaisha, simu ikaita: “Tumeukagua. Neno kijiji halimo. Hautuhusu.” Walikuwa wamelitafuta neno lenyewe kwenye simu, hawakuliona, wakafunga kazi.

Shughuli yangu ni kusoma miswada na kupima itawafanya nini watu wa vijijini, na dhana inayonipandisha presha ni hiyo hasa: kwamba sheria haikigusi kijiji mpaka ikitaje.

Chukua tozo za miamala ya simu za 2021. Zililetwa na Sheria ya Fedha, ile ya bajeti, ambayo kijijini nani anaifungua? Tozo ilimhusu yeyote anayetuma au kutoa fedha kwa simu, basi. Lakini mwenye akaunti mjini alikuwa na benki ya kukimbilia. Mama anayetumiwa 20,000 na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, benki yake ni wakala wa kwenye kibanda cha chumvi na sabuni. Makato yalianza Julai, kelele zikapanda, yakapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo. Muswada ulipokuwa bado bungeni, vijiji ninavyofanya navyo kazi havikuniuliza swali hata moja.

Na hata neno kijiji likiwemo, si lazima liwe ndilo lenye madhara. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili pacha. Sheria ya Ardhi Na. 4, inapotafsiri “ardhi ya jumla”, yaani ile isiyosimamiwa na kijiji, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 inatafsiri maneno hayohayo bila kipande hicho. Tatizo limekaa kwenye “isiyotumika”. Nani anaamua haitumiki? Malisho ya kiangazi huachwa makusudi yapumzike masika. Ukipita na gari mwezi wa Aprili utaona nyasi tupu, hakuna ng’ombe wala boma. Shamba lililolazwa misimu miwili nalo ni vichaka vitupu machoni pa mgeni.

Kwa hiyo achana na kutafuta neno. Mimi huanza na kifungu cha tafsiri, kinachosema kila neno lina maana gani, naruka hadi majedwali ya mwisho, ambako ada hujificha, kisha napigia mstari kila palipoandikwa kwamba Waziri anaweza kutunga kanuni. Halafu kwa kila kibali, leseni au usajili nauliza: ofisi iko wapi, nauli kiasi gani, safari ngapi? Kibali cha 5,000 kinachotolewa makao makuu ya wilaya tu si cha 5,000 kwa mtu anayelipa 12,000 kwenda na kurudi, akifika aambiwe mhusika yuko semina, arudi Alhamisi. Hapo ni 29,000, na hajanywa hata chai. Hesabu hii nimeisema kwenye mikutano mpaka wenyeviti wengine wananikatiza kwa kuimalizia wao.

Dhana nyingine ninazokutana nazo, kwa kifupi.

“Sheria ni Kiingereza.” Marekebisho ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Ugumu uliobaki ni mwingine: muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali huweza kukuambia tu kwamba neno “na” lifutwe, liwekwe “au”. Kama sheria mama, ile inayorekebishwa, huna mkononi, hujui kwamba idhini mbili zimegeuka kuwa moja.

“Maoni yaandikwe na wakili.” Hapana. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu, na haikutaja shahada. Ukurasa mmoja wenye nauli, siku na umbali unanitosha kuliko kurasa kumi za “tunapinga vikali”.

“Tutasubiri waje kutuuliza.” Kamati ya Bunge huwaita wadau Dodoma, na muda huwa mfupi. Muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani upitishwe harakaharaka, ndiyo kabisa, kama zile sheria za maliasili na madini zilizopita kwa mkupuo Julai 2017. Mchimbaji mdogo aliyekuwa shimoni wiki ile alizikuta zimeshapita.

“Imeshapitishwa, basi.” Kanuni bado. Ada na fomu nyingi huzaliwa huko.

“Kijiji kina sauti moja.” Hili nalikuta kwenye mihtasari ya mkutano mkuu: “wananchi wote wamekubali”. Wote nani? Kibali cha kuchunga kinampumzisha mfugaji na kumkosesha usingizi mwenye mahindi. Mkinitumia muhtasari wa namna hiyo nitaurudisha. Nipeni waliokataa na sababu zao, na mniambie wanawake walikuwa wamekaa mkutanoni au walikuwa kisimani.

Yule mtendaji alipiga tena jana. Alikuwa amefika kwenye jedwali, akaniuliza kama ada ya usajili wa wafugaji inamhusu na mwenye kuku kumi. Nimemwambia arudi nyuma, asome tafsiri ya “mifugo”.