Usugu wa dawa ni nini hasa? Mwili hauzoei dawa jamani, kilichozoea ni kidudu

Mama mdogo wangu wa Makorora, hapa Tanga mjini, anagandisha maziwa toka mie mdogo. Ananunua lita kumi kwa kijana wa baiskeli anayeshuka nayo toka huko Pongwe, anachemsha, anaacha yapoe mpaka ukitia kidole unavumilia, anatia kikombe cha mgando wa jana, anafunika na kanga kuukuu na asubuhi yameshaganda yanakatika kwa kijiko. Sasa juzi kati hapa akafunua sufuria akakuta maziwa vilevile, mepesi kama alivyoyaacha usiku. Akasema labda mbegu imekufa, akaomba mbegu kwa jirani, akarudia, wapi. Siku ya tatu hivohivo na keshaanza kusema kuna mtu kamtia jicho, ndo kijana wa maziwa akabanwa vizuri akasema kweli kuna ng'ombe mmoja kavimba kiwele, kapigwa sindano, na maziwa yake yamechanganywa na ya wenzake maana utamwagaje maziwa hivihivi na watoto wanasubiri ada.

Nikaona ngoja niandike hii kitu, maana ndani ya sufuria ile mambo karibu yote yamo. Mgando ni kazi ya bakteria, tena wale wazuri, wanakula sukari ya maziwa wanatoa ule ukali. Dawa imetoka kwenye sindano, ikapita kwenye damu ya ng'ombe, ikaingia kiweleni, ikapanda baiskeli mpaka Makorora, ikawamaliza bakteria wa mama mdogo. Na kuchemsha hakukusaidia kitu, kuchemsha kunaua vidudu sio dawa, antibayotiki (ndo hizo dawa za kuua bakteria) nyingi zinavumilia moto wa jikoni. Sasa kama imewaua wa kwenye sufuria, ujue hata wale wa matumboni mwetu tuliokuwa tunakunywa chai ya maziwa wiki nzima waliipata, kidogokidogo. Hiyo "kidogokidogo" ishike hapo, ntarudi kwake.

Tuanze na neno. Wizarani wanaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kifupi chake UVIDA, utaliona kwenye mabango hospitalini. Tatizo ni kwamba mtu wa pwani ukimwambia sugu anawaza sugu ya kisigino, au ile ya kiganja cha mtu anayevuta nyavu, ngozi imesuguliwa wee mpaka imekomaa haisikii tena. Kwa hiyo anaelewa kwamba mwili ndo umekomaa, na ndo utasikia mtu dukani anasema "mie amoksilini hainifanyi kitu, mwili ushaizoea, nipe kali". Hapana. Mwili wako haujazoea chochote. Kichanga cha siku 2 ambacho hakijawahi kuonja dawa yoyote kinaweza kupata kidudu sugu wodini na dawa zikagoma, sasa huo mwili wake uliizoea saa ngapi? Aliyeota sugu ni kidudu. Na kidudu, tofauti na mwili wako, hakikai kwako peke yako, kinahama.

Kinakuwaje sugu? Hakikai kikaamua. Bakteria wanazaana kwa kujigawa, mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, na kuna wale wa tumboni wanaoitwa E. coli wakipata chakula na joto zuri wanajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, piga hesabu, masaa saba tu mmoja keshakuwa zaidi ya milioni mbili. Kwenye kujinakili kote huko makosa hayakosekani, na kosa moja moja linaangukia pazuri (pazuri kwake, sio kwako): huyu katokea na kimeng'enya cha kukatakata penisilini, yule ana pampu inayotema dawa nje kabla haijafanya kazi, mwingine kabadilika pale dawa inaposhikia, ni kama umebadilisha kitasa, ufunguo unabaki uleule ila mlango haufunguki. Dawa ikiingia inaua wenzao wote, wao wanabaki, uwanja mzima wao, chakula chote chao. Ndo maana kila unapomeza antibayotiki bila sababu unakuwa umewasafishia njia.

Halafu kuna hili ambalo mie ndo liliniacha mdomo wazi nilipolielewa. Bakteria wanaazimana. Wana vipande vya DNA vya duara vinaitwa plasmidi, na kwenye kipande kimoja kunaweza kuwa na maarifa ya kushinda dawa tatu nne kwa mpigo, na mmoja anampa mwenzie hata kama sio kabila moja. Yani bakteria asiye na madhara yoyote kwenye utumbo wa kuku anaweza kumpa hayo maarifa bakteria wa kuumiza watu, kama mtoto anavyompitishia mwenzie majibu ya mtihani chini ya dawati. Kwa hiyo ukisema "mie nawapa kuku tu, hainihusu hospitali" ushakosea hapohapo.

Watu wanadhani ni ugonjwa wa juzi. Alexander Fleming aliigundua penisilini London mwaka 1928, akapewa Nobel 1945 pamoja na Florey na Chain, na kwenye hotuba yake ya kupokea tuzo akaonya kabisa kwamba si kazi ngumu kuwafanya vidudu wawe sugu kwa penisilini, unawapa tu dozi isiyotosha kuwaua. Unaona? Kidogokidogo ileile ya chai yetu. Na hapa kwetu Tanga tuna historia yake japo sio ya bakteria, ni ya malaria: miaka ya 1950 kijiji cha Mkuzi huko Muheza watu walipewa dawa ya kinga inaitwa pirimethamini, na ndani ya miezi tu vimelea vya malaria vikawa vishaizoea. Klorokwini nayo wazee wetu wanaijua, ile iliyokuwa inawasha mwili mzima, ikaachwa mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu hiyohiyo, ikaja dawa nyingine ya malaria inaitwa SP, nayo haikukaa, ndo tukafika kwenye dawa mseto. Na TB sugu kila mtu keshaisikia, wagonjwa wake kwa miaka walikuwa wanapelekwa hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro.

Sasa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Mtu anaamka Ngamiani kichwa kinagonga, mafua, koo linawasha, anapita dukani anasema nipe rangi mbili (vile vidonge vya antibayotiki) nne. Nne! Hata karibu na dozi kamili hazifiki, na ugonjwa wenyewe mafua ni kirusi, antibayotiki haigusi kirusi hata umeze ndoo nzima. Siku ya tatu anapata nafuu, angepata tu hata angekunywa uji, ila sifa inaenda kwa rangi mbili na mwezi ujao anamfundisha jirani. Na wale tunaopima tusiwacheke wenzetu, maana siku hizi ukienda na homa hukosi kutoka na karatasi ina yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi vyote viwili, wakati kile kipimo cha taifodi cha tone la damu kinachotumika sana mitaani kinajulikana kwa kudanganya, na yutiai ya uhakika inataka mkojo uoteshwe maabara, wasubiri siku mbili tatu waone kidudu gani kimeota na dawa gani inakiua. Kuotesha ni gharama na kunachelewesha, naelewa, mgonjwa anataka dawa leo. Lakini mie naona hapo ndo pesa inatakiwa iende kuliko kwenye mabango.

Ushauri wa "maliza dozi" nao tunausema kama wimbo, ila uelewe vizuri. Sio kwamba kidonge cha mwisho kina baraka. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha magonjwa kadhaa dozi fupi inatosha kabisa, kwa hiyo siku ngapi ni kazi ya daktari kusema, yako ni kufuata alivyosema na sio kuacha mwenyewe siku ya pili ukaweka zilizobaki kwenye kopo la biskuti uje umpe shangazi. Lile kopo la biskuti ndo adui.

Shirika la Afya Duniani toka 2017 limezigawa antibayotiki mafungu matatu. Kuna za kuanzia, kama amoksilini. Kuna za kuangaliwa kwa jicho, humo ndo wamo sipro, azithromaisini ambayo watu wanaiita azuma, na seftriaksoni ile sindano ambayo mtu akilazwa tu anategemea achomwe. Na kuna za akiba, kama kolistini, za kushikwa mpaka vingine vyote vigome. Mwaka 2024 nchi zilipokutana Umoja wa Mataifa zilikubaliana walau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa watu ziwe zile za fungu la kwanza, na vifo vitokanavyo na usugu wa bakteria vipungue asilimia 10 ifikapo 2030. Kwa kukuonyesha ukubwa wake, makadirio ya mwaka 2019 ni kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu wa bakteria moja kwa moja, na Afrika kusini mwa Sahara ndo ilikuwa na hali mbaya kuliko kote.

Hiyo kolistini ya akiba ina kisa chake. China walikuwa wanawapa nguruwe kwenye chakula wanenepe haraka, hawaumwi, wanenepe tu. Mwaka 2015 wanasayansi wakatangaza wamekuta kwenye E. coli wa nguruwe, kwenye nyama dukani na kwa wagonjwa, jeni (ndo yale maarifa yenyewe) inayoitwa mcr-1 inayoishinda kolistini, na iko wapi? Kwenye plasmidi. Ile ya kuazimana. Baada ya hapo China wakaipiga marufuku kwenye chakula cha mifugo kuanzia 2017. Ulaya wao walishakataza antibayotiki za kunenepesha mifugo toka 2006.

Huku kwetu sidhani wengi wanatia ili kuku wanenepe, wengi wanatia kwa uoga. Vifaranga mia tatu, mkopo wa kikoba, nani asiogope? Kwa hiyo anatia OTC, antibayotiki ya mifugo, kwenye maji toka siku ya kwanza "kinga", kisha kideri kinaingia kinafagia banda zima kwa sababu kideri ni kirusi, na OTC kwa kirusi ni maji ya rangi. Gumboro pia kirusi. Hayo mawili yana chanjo, na chanjo ya kideri ni ya tone la jicho tu unarudia kila miezi mitatu hivi, inakuja ya kuku wengi na bei yake ukigawa kwa kuku mmoja ni ndogo mno. Banda kavu, randa inabadilishwa, mgeni hakanyagi ndani na viatu vya banda la jirani, hiyo ndo kinga. Na kwa ng'ombe wa maziwa, ambao Tanga tumejaaliwa, ni kuosha mikono na chuchu kabla ya kukamua, na yule mgonjwa akamuliwe mwisho sio wa kwanza. Kisha kila chupa ya dawa ya mifugo imeandikwa muda wa kusubiri, siku ngapi maziwa yasitumike, siku ngapi asichinjwe. Kwenye maandishi madogo, kweli, na mara nyingi Kiingereza, na mimi naona hapo wauzaji wangetusaidia hata kwa kuandika na kalamu juu ya boksi.

Mazingira ndo watu wanayasahau, wakati ndo yanayounganisha vyote. Dawa haiishii mwilini, sehemu kubwa inatoka na mkojo na kinyesi ikiwa bado dawa. Inaenda chooni, zizini, kwenye samadi, samadi inaenda kwenye matuta ya mchicha. Mvua ya masika ikipiga, mashimo yakajaa, mifereji yote inashuka baharini, na wanaoishi kwenye maji na udongo huo ni bakteria wanaopata ile kidogokidogo kila siku wakiwa wamebanana na bakteria wa wodini na wa bandani. Ndo maana wanasema Afya Moja, binadamu, mnyama na mazingira kwenye mpango mmoja, na Tanzania mipango yake ya kitaifa ya kupambana na usugu, ule wa 2017 hadi 2022 na huu wa 2023 hadi 2028, imejengwa hivyo.

Kijana wa maziwa nilikaa nae kibarazani kwa mama mdogo nikamweleza yote haya, mwenyewe msikivu. Akasema sawa, nimeelewa, siku saba za kwenye chupa sileti mjini, si ntampa ndama? Nikamwambia hata ndama usimpe, utakuwa unafuga hao sugu tumboni mwake. Akaniangalia. "Basi kaka, nimwage mfereji upi?" Nikamwambia sio mfereji, mwaga kwenye rundo la samadi mbali na kisima, rundo lichemke wiki kadhaa kabla halijaenda shamba, joto lile linaimaliza dawa nyingi kiasi. Akakubali, ila akauliza na hizo lita za siku saba atalipwa na nani, mama mdogo akajifanya anakoroga chai.