Ndege Unayopanda na Akaunti Unayowekea Maili: Jinsi ya Kulinganisha Programu za Uaminifu Kabla ya Kuhama

Wasafiri wanaoniomba ushauri kuhusu kuhama kutoka programu ya uaminifu ya shirika moja la ndege, yaani mpango unaomzawadia msafiri maili za kulipia tiketi za baadaye, kwenda nyingine huanza karibu wote na swali lile lile: ni shirika gani linalotoa maili nyingi zaidi? Katika kazi yangu ya kusimamia safari za kikazi, nimezoea kulivunja swali hilo vipande viwili kabla ya kulijibu, kwa sababu shirika ambalo ndege zake unazipanda ni jambo moja, na programu ambayo maili zako zinaingizwa ni jambo jingine. Tangu miungano mikubwa ya mashirika ilipoanzishwa, Star Alliance mwaka 1997, oneworld mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000, abiria anayesafiri na Lufthansa anaweza kuandikisha katika tiketi yake namba ya uanachama ya Aeroplan ya Air Canada, ya MileagePlus ya United au ya KrisFlyer ya Singapore Airlines, na maili zikaenda huko bila yeye kupanda ndege hata moja ya shirika lenye programu hiyo. Kwa hiyo mtu aliyechoshwa na programu yake halazimiki kuliacha shirika linalompeleka anakotaka kwa saa anazozitaka. Mara nyingi kinachohitaji kubadilika ni namba tu.

Ukishalikubali hilo, ulinganishaji unageuka kuwa wa hesabu. American Airlines ilipoanzisha AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, maili zilihesabiwa kwa umbali uliosafiriwa, na mashirika mengine yakaufuata mfano huo kwa miongo kadhaa. Kisha Delta na United zikahamia kwenye kuhesabu fedha zilizolipwa mwaka 2015, American ikafuata mwaka 2016, Flying Blue ya Air France na KLM mwaka 2018, na British Airways mwaka 2023. Hata hivyo umbali haujatoweka. Unaendelea kutumika pale tiketi ya shirika moja inapoingizwa katika programu ya shirika mshirika, ambako umbali huzidishwa kwa asilimia inayotegemea aina ya nauli. Hapa ndipo msafiri makini anapoweza kupata tofauti kubwa kwa kiti kile kile.

Chukua safari ya kwenda na kurudi kati ya London na New York. Umbali wa njia moja ni takriban maili 3,450, yaani maili 6,900 kwa safari nzima. Tuseme nauli yenyewe, bila kodi za serikali na ada za viwanja vya ndege, ni dola 600. Programu inayotoa maili 5 kwa kila dola, kiwango ambacho Delta na United zilianza nacho kwa mwanachama wa kawaida, itakupa maili 3,000. Programu ya mshirika inayohesabu umbali wote itakupa maili 6,900. Inayohesabu nusu ya umbali, 3,450. Na inayohesabu robo, 1,725 tu. Sasa ibadilishe nauli iwe ya daraja la biashara, dola 4,000: programu ya fedha inatoa maili 20,000, ilhali ya umbali, hata ikikuzawadia asilimia 150, inatoa 10,350. Kwa hiyo hakuna programu iliyo bora kwa kila mtu. Anayelipa nauli ya juu kwa umbali mfupi anapendelewa na mfumo wa fedha. Anayetafuta nauli nafuu kwa safari ndefu anapendelewa na mfumo wa umbali, mradi nauli yake isiangukie katika kundi lisilozawadiwa kitu.

Kundi hilo linatambulika kwa herufi moja. Kila tiketi ina herufi inayoonyesha aina ya nauli, na abiria wawili wanaokaa bega kwa bega katika daraja la kawaida wanaweza kuwa na herufi tofauti, mmoja akapata asilimia mia na mwingine asipate chochote. Kila programu huchapisha jedwali la herufi hizi kwa kila shirika mshirika. Jedwali hilo linachosha kulisoma, nami sijaona ukurasa wowote wa matangazo wa programu yoyote unaokuhimiza ulisome, lakini kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu kabla ya kuhama, soma hilo. Tafuta risiti za safari zako za mwaka uliopita, toa herufi zilizomo, kisha zipime katika kila programu unayoifikiria. Usitumie safari unazotarajia kuzifanya. Matarajio huwa na madaraja ya juu kuliko risiti.

Idadi ya maili bado haikuambii kitu mpaka ujue maili moja inanunua nini. Njia ninayoitumia ni kuchukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, kutoa kodi na ada ambazo ungelipa hata ukitumia maili, kisha kugawanya kwa idadi ya maili zinazodaiwa. Tiketi ya dola 700 inayopatikana kwa maili 40,000 pamoja na ada ya dola 120 inaipa kila maili thamani ya senti 1.45. Tiketi hiyo hiyo, ikiwa programu inaongeza gharama ya mafuta hadi ada ikafika dola 350, inaishusha thamani hiyo chini ya senti 0.9. Ada ya mafuta ndiyo inayofanya programu mbili zenye bei sawa kwa maili zisiwe sawa hata kidogo. British Airways inajulikana kwa ada kubwa katika safari zake za masafa marefu, United haiongezi gharama ya mafuta katika tiketi za zawadi, yaani zinazolipwa kwa maili, na Aeroplan iliiondoa mwaka 2020. Ukitaka kuwa mkali zaidi katika hesabu, kumbuka kwamba tiketi iliyonunuliwa kwa maili kwa kawaida haikupi maili mpya, hivyo zile ambazo ungezipata kwa kulipa fedha nazo ni sehemu ya gharama.

Unganisha sasa pande mbili za hesabu. Maili 3,000 zenye thamani ya senti 1.45 ni kama dola 43, yaani punguzo la asilimia 7 hivi kwa nauli ya dola 600. Ni punguzo zuri, lakini ni punguzo la baadaye, linalotolewa kwa sarafu ambayo mtoaji wake anaweza kuipunguza thamani wakati wowote. Ikiwa shirika jingine linakupeleka mahali pale pale kwa dola 80 pungufu, uaminifu wako umekugharimu dola 37. Nimewaona watu werevu kabisa, wanaobishana na muuzaji kuhusu senti, wakilipa tofauti ya namna hiyo safari baada ya safari kwa sababu hawataki maili zao zitawanyike.

Kinachoweza kuhalalisha malipo hayo ni hadhi, yaani ngazi ya uanachama anayopewa anayesafiri sana, na hadhi ipimwe peke yake, si pamoja na maili. Hadhi katika programu moja hutambuliwa na muungano mzima: Star Alliance ina Silver na Gold, oneworld ina Ruby, Sapphire na Emerald, na SkyTeam ina Elite na Elite Plus. Kwa Star Alliance, manufaa ya kweli yanaanzia Gold, yaani mzigo wa ziada, kupewa kipaumbele na kuingia katika kumbi za mapumziko. Silver haikupi mengi zaidi ya nafasi nzuri katika orodha ya kusubiri. Anayeweza kufikia Silver pekee asiubadili mpangilio wa safari zake kwa ajili yake.

Hapa ndipo tofauti kati ya shirika na programu inapozaa matunda ya ajabu. Mwanachama wa MileagePlus mwenye hadhi ya Gold, akisafiri na United ndani ya Marekani pekee, haingii katika kumbi za United kwa hadhi hiyo. Mwenye Star Alliance Gold aliyoipata katika programu ya shirika jingine la muungano, akiwa katika ndege ile ile ya United, anaingia. AAdvantage nayo inawatendea wanachama wake vivyo hivyo katika safari za ndani, huku wenye Sapphire na Emerald wa programu za kigeni wakipokewa. Msafiri anayezunguka sana ndani ya Marekani anaweza basi kunufaika zaidi na shirika lile lile kwa kutokuwa mwanachama wake. Tahadhari ni kwamba shirika huwawekea wanachama wake baadhi ya manufaa ambayo muungano hauyagusi, hasa kupandishwa daraja bila malipo, na manufaa hayo mgeni hayapati.

Masharti ya kupata hadhi yanatofautiana vya kutosha kukupotezea mwaka mzima. Tangu Aprili 2025, British Airways inahesabu pointi za hadhi kwa fedha zilizotumika, pointi moja kwa kila pauni inayostahili, na hadhi ya Gold inadai pointi 20,000. Aliyekuwa akiifikia kwa safari chache za daraja la biashara zilizonunuliwa kwa bei nafuu amefungiwa mlango. Programu nyingine zinadai idadi fulani ya safari katika ndege za shirika lenyewe, jambo linalomkwamisha mtu ambaye mpango wake wote umejengwa juu ya mashirika washirika. United, kwa mfano, imekuwa ikidai angalau safari 4 za namna hiyo.

Kuhusu muda wa maili kuisha, chagua kulingana na mwendo wa safari zako. Maili za Delta na United hazina mwisho. Za AAdvantage hufa baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote katika akaunti, hivyo ununuzi mdogo kwa mshirika huziokoa. Za KrisFlyer huisha baada ya miaka 3 hata kama unasafiri kila wiki. Anayekusanya polepole aikwepe aina hii ya mwisho.

Tena, usiilinganishe programu ilivyo leo tu, bali pia ilivyokuwa ikiwatendea wanachama wake ilipobadilika. Mwaka 2015 Delta iliondoa majedwali ya bei za tiketi za zawadi, na tangu hapo bei huenda na mahitaji. United ilifuata njia hiyo mwaka 2019. SAS, shirika la ndege la Skandinavia, ilitoka Star Alliance tarehe 31 Agosti 2024 na kuingia SkyTeam siku iliyofuata, na mwanachama wa EuroBonus, programu ya SAS, aliyetegemea kumbi za Star Alliance akajikuta katika muungano mwingine. Shirika likifilisika, maili huwa deni la mwisho kukumbukwa na mtu yeyote: wanachama wa Ansett ya Australia walipoteza pointi zao mwaka 2001, na wa Air Berlin mwaka 2017. Wala usitegemee mahakama. Katika kesi ya shirika la ndege la Northwest dhidi ya Ginsberg, iliyoamuliwa mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa dai la mwanachama aliyefukuzwa katika programu aliyelalamika kwamba shirika halikumtendea kwa nia njema. Kutokana na hayo yote ninawashauri watu wasiweke maili kama akiba ya uzeeni; zitumike mara tu zikitosha kwa safari unayoihitaji.

Ukiamua kuhama, mpangilio wa hatua una uzito kuliko kasi. Angalia kwanza unachokiacha: United hutoa hadhi ya Gold ya maisha kwa aliyesafiri maili 1,000,000 katika ndege zake, na aliyebakiza sehemu ndogo ya safari hiyo ana sababu nzuri ya kusubiri. Kisha uombe programu mpya ikulinganishie hadhi, yaani ikupe inayolingana na uliyonayo, ukiwa bado na hadhi ya zamani mkononi, kwa sababu iliyokwisha muda hailinganishwi na chochote. Kwa kawaida utapewa hadhi ya majaribio ya miezi mitatu au minne, na kiwango cha safari za kukamilisha ili uihifadhi. Kwa kuwa programu nyingi huitoa fursa hiyo mara moja tu, au mara moja kwa miaka kadhaa, omba pale ambapo kalenda yako ina safari nyingi zilizokwisha kulipiwa, si pale unapokasirika na shirika lako.

Safari ulizokwisha kuzikata ziingie katika hesabu. Fungua kila tiketi na ubadilishe namba ya uanachama kabla ya kujiandikisha kwa safari, kisha uhakikishe namba iliyochapishwa katika pasi ya kupandia ni ile mpya, kwa maana maili zikishaingia katika akaunti ya zamani kuzihamisha ni karibu muhali. Tunza pasi hizo mpaka maili zionekane. Zisipoonekana, programu nyingi hupokea madai kwa miezi sita au zaidi.

Salio la zamani, kwa kawaida, halihami nawe. Isipokuwa ni Avios, sarafu inayotumiwa na British Airways, Iberia, Aer Lingus, Qatar Airways na Finnair, ambayo unaweza kuihamisha kutoka akaunti moja hadi nyingine, na hivyo kuhama ndani ya kundi hilo hakukupotezei kitu. Katika programu nyingine, litumie salio kwa tiketi moja ya washirika ambayo ungeinunua hata hivyo. Likiwa dogo mno kwa tiketi, liache lilipo na uandike tarehe ya mwisho wake; kulibadilisha liwe vocha za maduka au vifaa vya nyumbani kwa kawaida huipa kila maili chini ya nusu ya thamani ambayo tiketi ingeipa.