Mbuzi Hali Kila Kitu, Wala Kuku Si Mjinga

"Mbuzi ni mlafi, anakula chochote."

Dhana hii ndiyo naisikia zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi, maana nina mbuzi wanne uani kwangu Dodoma na kila jioni mimi ndiye ninayewakatia majani.

Ukweli ni kwamba mbuzi ni mchaguzi sana. Mpelekee tawi la lusina: atalinusa kwanza, kisha midomo yake myepesi itachambua jani moja moja hadi kijiti kibaki kitupu. Jani likidondoka na kukanyagwa, mara nyingi haligusi tena, ndiyo maana wafugaji huyatundika majani au huyaweka kwenye kihori. Ng'ombe na kondoo ni wa kuinamia nyasi. Mbuzi ni wa vichakani. Husimama kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele ameziegemeza kwenye shina la mgunga, akapenyeza ulimi katikati ya miiba. Ukimwona anatafuna karatasi au kamba ya nguo, huenda ana njaa, au anachunguza tu. Kwake mdomo ndio mkono. Plastiki akiimeza haisagiki, hujazana tumboni na inaweza kumuua. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2019, nilishangilia kwa ajili ya hawa.

Wakishashiba hulala na kucheua. Ukitazama vizuri unaliona tonge likipanda shingoni, linatafunwa, linashuka; kimya kidogo, linapanda jingine. Huvuta kigoda changu nikakaa nao hadi magharibi inapoadhiniwa. Hiyo ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote.

"Ana akili za kuku."

Anayesema hivi hajamtazama mtetea anayeatamia. Kwa siku 21 huyageuza mayai kwa mdomo mara nyingi kwa siku, hutoka kwa muda mfupi tu kula, kunywa na kujisaidia, kisha mbio kurudi. Siku za mwisho tega sikio: kifaranga hulia akiwa bado ndani ya ganda, na mama humjibu kwa sauti ya chini. Wakishatoka, wanazijua sauti zake. Mlio mfupi mfupi wa haraka ni wito wa chakula, na wote huja wakisukumana. Mwewe akipita juu, mama hutoa mlio mwingine mkali, na uwanja mzima unabaki mtupu. Ukiinama unaona vichwa vidogo vikichungulia kwenye manyoya ya kifua chake.

Tukiwa bado kwa kuku: mtetea hahitaji jogoo ili atage, labda uwe unataka vifaranga. Rangi ya ganda hufuata aina ya kuku, si ubora wa yai. Kiini nacho hukolea kwa majani na mahindi ya njano aliyokula.

"Kuku hufa tu msimu ukifika."

Hii ina gharama. Nami niliiamini, nikapoteza kuku 11 kwa wiki moja, nikiwaokota asubuhi bandani shingo zimepinda. Si msimu, ni mdondo, wengine huuita kideri, ugonjwa wa virusi. Hauna tiba, lakini una chanjo: ile ya I-2 ni tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasioumwa, kabla ugonjwa haujaingia. Unamshika kuku mmoja mmoja, unasubiri apepese jicho ndipo umwachie. Siku hizi naifanya na watoto, nao ndio wanaomjua kila kuku kwa jina.

"Paka lazima apewe maziwa."

Paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, wakaishia kuharisha. Mpe maji safi na kitoweo.

"Punda ni mkaidi."

Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama, apime hatari kwanza. Mtaani kwetu punda huvuta mikokoteni ya madumu ya maji, na wa jirani husimama kila akifika kwenye mtaro. Zamani alichapwa. Siku hizi jirani humwekea mkono shingoni, humwacha anuse ukingo, na baada ya muda punda mwenyewe hunyanyua mguu wa kwanza, masikio yakielekea mbele.