Barua ya Kwanza na Barua ya Pili: Dhana Potofu Kuhusu Gharama ya Kufichua Ufisadi Uganda

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa nakala za nyaraka karibu na makao makuu ya wilaya moja mashariki mwa Uganda, na kwa kuwa wateja wangu wengi ni watumishi wa serikali, barua za malalamiko nimezichapa za kila namna. Anayetaka kufichua wizi wa mali ya umma namtambua kabla hajafungua mdomo: huja jioni, husubiri wengine waondoke, kisha huuliza kama kompyuta huhifadhi kilichochapwa. Baadhi yao hurudi baada ya mwaka mmoja au miwili kuchapa barua ya pili, na hiyo haitaji tena wizi. Hutaja mshahara wao, uhamisho wao, au faili lao ambalo ghafla halionekani katika masjala. Gharama ya kufichua imo katikati ya barua hizo mbili, na mengi yanayosemwa juu yake, barazani na hata ofisini, si ya kweli.

"Uganda hakuna sheria ya kumlinda mfichuaji."

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Wafichuaji ilitungwa mwaka 2010, na inawahusu watumishi wa umma na wa sekta binafsi. Inakataza mfichuaji kufukuzwa, kusimamishwa, kunyimwa cheo, kusumbuliwa au kutishwa kwa sababu ya alichosema. Inamkinga asishtakiwe kwa madai wala kwa jinai. Na inabatilisha kifungu chochote cha mkataba wa ajira kinachomzuia kufichua. Anayetoa jina la mfichuaji au kumlipizia kisasi anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini, au vyote viwili. Faini hiyo haizidi pointi 120 za sarafu, kipimo ambacho sheria za Uganda hukitumia kupangia faini, na kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, kiwango cha juu ni shilingi milioni 2.4. Kwa mtu aliyekula mamilioni ya wilaya, fedha hizo hazimnyimi usingizi.

"Ukisema kweli unalindwa, popote uliposemea."

Dhana hii imewaponza watu wengi kuliko ile ya kwanza. Sheria haimlindi kila asemaye kweli. Inamlinda aliyesema kwa nia njema, akiwa na sababu za kuamini kwamba anachosema ni kweli kwa kiasi kikubwa, na akamwambia afisa aliyeidhinishwa kupokea taarifa hizo. Ndani ya ofisi, afisa huyo ni mwajiri. Nje ya ofisi, wanaotajwa ni Inspekta Mkuu wa Serikali, ambaye wengi tunamwita IGG, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Haki za Binadamu, Idara ya Maadili na Uadilifu, ofisi ya RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, Bunge, mamlaka ya mazingira NEMA, na polisi. Mwandishi wa habari hayumo katika orodha hiyo, na ukurasa wa mtandao wa kijamii pia haumo.

Mapema mwaka 2024 wanaharakati walisambaza mtandaoni nyaraka za matumizi ya fedha za Bunge, na nchi nzima ikazizungumzia kwa wiki kadhaa. Julai ya mwaka huohuo vijana waliojaribu kuandamana kuelekea Bunge jijini Kampala walikamatwa kwa makumi. Faida ya nyaraka zile kwa umma siibishii hata kidogo. Hata hivyo karani anayempelekea mwanaharakati picha ya hati kwa simu ajue kwamba kwa tendo hilo amejitoa chini ya mwavuli wa sheria ya 2010, na akikamatwa na mwajiri wake hawezi kuifungua sheria hiyo na kujisomea kifungu cha kumwokoa.

Orodha yenyewe ina tatizo lake huku kwetu wilayani. RDC ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, kamanda wa polisi ni mjumbe wake, na mkuu unayemlalamikia hunywa nao chai ya saa nne katika mkahawa mmoja. Mteja mmoja aliniambia kwamba aliifikisha barua yake kwa mkono asubuhi, na mchana mtu aliyelalamikiwa alimsalimia kwa jina la babake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Hakuongeza neno. Tangu hapo nawashauri wateja wapeleke taarifa kwa IGG, ikiwezekana katika ofisi ya kanda iliyo mbali na kwao, ingawa nauli ni juu yao.

"Usipoandika jina, hakuna atakayekujua."

Nikumbushe kwanza kwamba sheria inatarajia taarifa iwe na jina kamili la mfichuaji, anwani yake na kazi yake, kadiri inavyowezekana. Hata hivyo wengi huliacha jina wakiamini kwamba wamejificha. Wanasahau kwamba barua hubeba jina la mwandishi wake bila kulitaja.

Nitaeleza kisa kimoja, nikificha yanayopaswa kufichwa. Mteja wangu alikuwa akitunza stoo katika kituo cha afya cha daraja la tatu. Bohari ya taifa ya dawa huvipelekea vituo hivyo dawa kila baada ya miezi miwili, na pakiti zake huwa na chapa inayosema kwamba ni mali ya Serikali ya Uganda, haziuzwi. Katika mzigo mmoja, hati ya kupokelea ilisomeka maboksi 30 ya dawa ya malaria, ilhali kadi ya stoo aliyoikuta asubuhi iliyofuata ilisomeka 12, kwa mwandiko usio wake. Tulichapa barua nzuri, fupi, isiyo na jina, ikitaja tarehe ya mzigo, idadi zote mbili na namba ya hati. Wachunguzi walifika baada ya muda, na swali lao la kwanza mlangoni lilikuwa: hati ya kupokelea namba fulani iko wapi? Hati ile ilikuwa imeonwa na watu watatu tu: mkuu wa kituo, mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, na mtunza stoo. Mkuu hakuhitaji mpelelezi. Alihesabu vidole vitatu, akaondoa cha kwake.

Taarifa ya jumla jumla, isiyo na tarehe wala namba, humficha mwandishi vizuri lakini haichunguziki. Taarifa inayochunguzika ndiyo hiyo inayomwonyesha kidole. Bado sijamwona mtu aliyeukwepa mtego huo kikamilifu. Kinachosaidia kidogo ni kutegemea nyaraka zilizopitia mikono mingi, kama orodha ya malipo ya mishahara au taarifa ya benki, badala ya karatasi iliyolala katika droo yako peke yako.

"Akifichua, watamfukuza kazi."

Kumfukuza ni njia ya mkubwa asiye na akili, kwa sababu barua ya kufukuza huacha ushahidi. Wenye akili hutumia kanuni za kawaida za utumishi, ambazo kila moja, ukiitazama peke yake, haina kosa. Anahamishiwa kituo cha mbali, kwa sababu huko kuna upungufu wa watumishi, na upungufu huo ni wa kweli. Anaachwa nje ya safari za kazi zenye posho, na hakuna sheria inayosema lazima apangiwe safari. Au anasimamishwa kupisha uchunguzi wa kosa jingine, mara nyingi la upotevu wa vitu alivyovitia saini yeye mwenyewe.

Hapo katika kusimamishwa ndipo pesa inapouma. Kanuni za utumishi wa umma zinataka anayesimamishwa apewe mshahara usiopungua nusu, na mtu wa nje akisikia hivyo husema afadhali, nusu si haba. Mtumishi wa serikali wa Uganda, mwalimu au muuguzi, mara nyingi ana mkopo wa mshahara unaokatwa kabla fedha hazijafika mkononi. Tuchukulie analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi na mkopo unakata 300,000. Siku za kawaida hubakiwa na nusu milioni. Akisimamishwa, nusu ya mshahara ni 400,000, benki inakata 300,000 zake kama kawaida, na yeye anabaki na 100,000 za kulisha nyumba mwezi mzima. Mkopo hauna habari kwamba mwenyewe anachunguzwa.

Anaweza kulalamika kwa IGG au kwa Tume ya Haki za Binadamu kwamba analipiziwa kisasi, na sheria inampa haki hiyo. Kazi iliyopo ni kuonyesha kwamba uhamisho au kusimamishwa kwake kulitokana na taarifa aliyoitoa, si na upungufu wa watumishi kule mbali. Barua ya pili ninayoichapa mara nyingi ni ya kueleza uhusiano huo, na mara nyingi mteja hana karatasi ya kuuthibitisha.

"Anatafuta asilimia tano yake."

Sheria inampa mfichuaji asilimia 5 ya fedha zilizorejeshwa kutokana na taarifa yake. Watu wakisikia asilimia 5 huipigia hesabu fedha yote iliyoibwa, ilhali sheria inazungumzia iliyorejeshwa, na kati ya hizo mbili kuna bonde refu. Tuikumbuke kashfa ya Ofisi ya Waziri Mkuu ya mwaka 2012, ambapo fedha za wafadhili zilizokusudiwa kuijenga upya kaskazini ya nchi baada ya vita zilichotwa. Mhasibu mkuu wa ofisi ile, Geoffrey Kazinda, alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 2013. Ireland ilirudishiwa yuro milioni 4, lakini zilitoka katika hazina ya serikali, yaani mlipakodi alilipa mara ya pili. Kwa mpango wa namna hiyo sielewi asilimia 5 ingekatwa kwenye nini.

Kuna wenye kusema pia kwamba mfichuaji ni mtu aliyenyimwa fungu lake. Pengine wamo. Boksi la dawa lililopotea halirudi stooni kwa sababu aliyelitaja alikuwa na kinyongo.

"Akikosea, atafungwa."

Hapana, isipokuwa alijua kwamba anasema uongo. Aliyeamini kwa nia njema, akawa amekosea, hajatenda kosa.

"Gharama ni yake peke yake."

Mfichuaji akiwa ameshahesabu hatari yake, mara nyingi nyumbani kwake hakuna aliyeulizwa. Mtunza stoo wangu alihamishiwa upande wa pili wa wilaya, mumewe akabaki na shamba na watoto, na nyumba ikawa na majiko mawili. Mialiko ya vikao vya harusi, ambavyo huku kwetu ndipo mtu anapojulikana kuwa mwenzetu, ilikoma. Wifi yake, mfagizi katika kituo kilekile, aliacha kumwamkia, na sikuweza kumlaumu, maana na yeye alikuwa na kazi ya kulinda. Mtoto wa kwanza alirudishwa nyumbani muhula wa pili kwa kukosa ada.

Mara ya mwisho alipokuja dukani alitaka nimchapie barua ya kuomba arudishwe karibu na nyumbani. Nilimuuliza kama tuitaje ile taarifa ya dawa. Alifikiri kwa muda, akasema tuandike kwamba mama mkwe ni mgonjwa. Tuliandika hivyo, nikatoa nakala tatu, na akaniomba nifute faili kwenye kompyuta mbele ya macho yake.